Karibu na nani

Ni saa tano usiku. Baba amelala chumba cha watoto, nami bado nimekaa na maneno matatu aliyoniambia Jumamosi. Wiki ilikuwa nzito kwa mambo ya heri: dada amejifungua salama, mtoto wa kiume, na Jumatatu nimekabidhiwa barua ya kuwa mwalimu mkuu msaidizi. Asanteni kwa salamu zenu, hayo nitayaandika nikitulia. Kwa sasa nasikia sauti ya baba tu.

Mnakumbuka niliandika kwamba naweka akiba, baba akija Mwanza nimpeleke kisiwani. Sikutaja kisiwa gani, maana kwetu kisiwa ni Rubondo, kile cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria. Bibi alizaliwa kule, enzi Wazinza wanalima na kuvua, kabla hawajahamishwa miaka ya sitini kupisha wanyama. Baba alitoka kule amebebwa mgongoni, hakumbuki hata mti mmoja. Jina la bibi ndilo langu, ndiyo sababu ananiita mama hata mbele ya wanafunzi wangu.

Nikapiga hesabu. Basi hadi Geita, kisha Nkome, kisha boti karibu saa mbili kwenye maji ya wazi. Au tuzunguke kwa upande wa Chato hadi Kasenda, maji mafupi, barabara ndefu. Kiingilio, malazi, goti la baba. Nikafikiria na upepo. Sisi tuliokulia Mwanza baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, Mei 1996, tulifundishwa kuliogopa ziwa kabla hatujajua kuogelea. Jumamosi asubuhi nikamwambia baba avae viatu vya kutembelea, tunakwenda Saanane.

Kisiwa cha Saanane kipo pale pale Capri Point, jijini Mwanza. Hujamaliza kuzikaza kamba za boya, umefika. Ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2 na kidogo pamoja na maji yake, na nakipenda tangu utoto. Pimbi walikuwa wamejilaza mwambani wanaota jua, mmoja mnene kabisa, kafumba jicho moja, la pili linatuchunga. Swala pala wakapita bila haraka. Mwongozaji akatueleza habari za Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale, akahama ili pawekwe bustani ya wanyama mwaka 1964. Hifadhi ya taifa imekuja baadaye, 2013. Baba alivua kofia akasikiliza. Aliuliza swali moja tu: watoto wa huyo mzee walikwenda wapi?

Tukapanda juu ya mwamba, nimemshika kiwiko. Jiji lote lilikuwa mbele yetu, lakini yeye alikuwa ameligeuzia mgongo, anatazama maji.

"Kwa nini huku, mama?"

"Huku ni karibu, baba."

"Karibu na nani?"

Hakuwa na hasira. Alipokea chupa ya maji, akanywa, akasema tushuke, jua limekuwa kali.

Tangu hapo namjibu kichwani. Nikiwa ubaoni namjibu, nikiosha vyombo namjibu. Karibu na hospitali, baba, goti likikusumbua. Karibu na nyumbani. Kila jibu nikilisema lote naona linaishia kwangu: kazi yangu, akiba yangu, woga wangu wa maji. Goti lake nililitaja mimi. Yeye hajawahi kulilalamikia hata siku moja.

Nilitaka niishie hapo, lakini jana jioni kuna kitu kilitokea jikoni. Baba alikuwa anamenya mihogo na kitinda mimba wangu, anamsimulia sokwe wa Rubondo: walivyoletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya, kwa juhudi za Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, wanyama waliozoea vizimba wakafunguliwa ghafla msituni, na wakaishi. Leo wamezaana, wanalala kwenye viota walivyojitengenezea. Mtoto akauliza nani aliwafundisha. Baba akacheka hadi kisu akakiweka chini. "Bibi yako mkubwa alikuwa akisema, wao wameletwa, sisi tumetolewa. Lakini hakuwachukia. Alisema angalau msitu una watu."

Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu mama afariki. Nikavuta kigoda nikakaa nao. Nikasema, baba, Desemba shule zikifunga, twende kwa njia ya Kasenda, maji ni mafupi. Hakuinua macho. Alichukua muhogo mwingine, akasema kwenye boti goti halina kazi, litakaa tu. Kisha akaanza kumweleza mtoto juu ya nzohe, swala anayejificha majini akabakiza pua nje, na mimi nikawa najua kwamba tumekubaliana.

Nimeamka kuzihesabu upya pesa. Zinatosha watu wawili, na mtoto ameshasema lazima aje. Nitaona.

Kuna yule mwanafunzi wangu wa darasa la saba anayekaa dawati la mbele, dirishani. Tangu Jumatano hajafika shuleni. Simu ya nyumbani kwao inaita, haipokewi, na jirani yao anasema hajaona mlango ukifunguliwa. Kesho nitapita mwenyewe kabla ya kengele.