Miaka 9 na swichi iliyohama

Usiku wa kwanza nilinyoosha mkono gizani kuwasha taa pale swichi ilipokuwa tangu utotoni, kando ya mlango. Nikapapasa ukuta mtupu. Swichi ilishahamishwa, tundu likazibwa, rangi ikapakwa juu yake, na kila mtu nyumbani alijua isipokuwa mimi.

Nilikaa ughaibuni miaka 9. Wakati wa kwenda nilijiandaa kwa ugeni. Wakati wa kurudi sikujiandaa kwa lolote, maana nani hujiandaa kwenda kwao? Mama alinitolea taulo jipya, lile la wageni. Nikiinuka kuosha vyombo naambiwa, "Kaa mwanangu, pumzika." Walinipenda mno, na mapenzi hayohayo yakaniweka kando. Wakikumbushana jambo wakacheka, nami nacheka, sijui nachekea nini.

Baadaye nilisoma kwamba hali hii inajulikana. Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn walieleza kuwa anayerudi kwao huporomoka moyo na kuzoea upya, kama ilivyomtokea ugenini, na safari hiyo nzima huchorwa kama herufi W. Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeshaanza kudhani kwamba siwapendi tena watu wangu.

Aliyenivusha hasa ni dada yangu. Kila hadithi yangu ilianza na "kule nilikokuwa". Jioni moja nikanyamaza, nikamwomba, "Dada, nihadithie miaka yote ambayo sikuwepo." Akaleta picha. Katika mojawapo baba amekonda, amevaa sweta niliyomtumia, inampwaya mabegani, na dada amemshika kiwiko. Mwaka ule mimi niliambiwa kwenye simu kwamba mzee ana homa kidogo tu. Nililia, naye akalia. Nikamwomba radhi, si kwa kuondoka, bali kwa kurudi nikitaka kupokelewa kabla sijauliza wenzangu wamepitia nini.

Tangu siku hiyo niliomba zamu. Kumpeleka baba kliniki kila mwezi ni kazi yangu. Juzi nilichelewa kuamka, dada akanifokea mbele ya watu kama anavyowafokea wote, na mama hakunitetea. Nikachukua funguo, nikamshika baba kiwiko, tukatoka.