Usiku wimbi lilipogeuka fimbo

Programu ilikuwa imechora tao safi lisilo na kona hata moja. Dakika chache baadaye nikaipa wimbi, kilima kushoto na bonde kulia, ikanirudishia fimbo iliyonyooka.

Ilikuwa programu yangu ya kwanza ya kuchora mipindo ya Bézier, yaani mistari iliyopinda inayoongozwa na nukta nne: mbili za ncha na mbili za ndani. Kompyuta huunda mpindo kwa vipande vifupi vilivyonyooka, basi unaukata katikati, kila nusu unaikata tena, mpaka kipande kiwe kimenyooka kiasi cha kulitosheleza jicho. Ukataji wenyewe ni kanuni ya Paul de Casteljau, aliyeibuni mwaka 1959 akiwa Citroën, kampuni ya magari ya Ufaransa: unatafuta katikati ya kila nukta mbili jirani, kisha katikati ya hizo katikati. Kujumlisha na kugawa kwa mbili, basi. Sijaona kitu chepesi hivyo kinachobeba kazi nzito hivyo.

Nilishuku sehemu ya kuchora, nikashuku hata skrini. Usiku ulipokuwa umekwenda sana ndipo nikashika karatasi. Nukta nne za wimbi zilikuwa (0, 0), (100, 100), (200, −100) na (300, 0). Nikakata kwa mkono: (50, 50), (150, 0), (250, −50). Kisha (100, 25) na (200, −25). Kisha (150, 0).

Kalamu ikasimama. Nukta hiyo ya mwisho, katikati ya wimbi, imelala juu kabisa ya mstari unaounganisha ncha mbili. Na kabla ya kukata, programu yangu iliuliza swali moja tu: katikati ya mpindo iko mbali kiasi gani na mstari huo? Wimbi lilijibu sifuri. Programu ikaacha kukata, ilhali kilima kilipanda karibu vipimo 29.

Nikalifuta swali lile. Nikapima badala yake umbali wa nukta mbili za ndani, zile zinazouvuta mpindo, kwa sababu mpindo hautoki kamwe nje ya umbo linalofungwa na nukta zake nne. Zote zikiwa karibu na mstari, hauna pa kukimbilia. Safari hii jibu lilikuwa 100. Ikakata, ikapima nusu ya kwanza, ikapata 50 na 25, ikakata tena. Wimbi likainuka.

Asubuhi nilimwonyesha mwenzangu aliyekuwa akishughulika na nyuso zilizopinda za maumbo, ambazo nazo huundwa kwa vipande vinavyoongozwa na nukta. Akaitazama ile karatasi kwa muda.

“Na vipande viwili vya uso vikipakana,” akaniuliza, “kimoja kikakatwa mara nyingi na cha pili mara chache?”

Nilijua angeona nini: ufa mpakani, mandharinyuma yakichungulia. Tukakaa chini. Tulikubaliana kwamba mpaka upimwe kwa nukta zake wenyewe pekee, bila kuangalia uso wa upande wowote, ili pande zote mbili zipate jibu moja. Nikageuza karatasi nyuma, tukaanza kuchora nukta 16 zinazoongoza kipande cha kwanza cha uso.