Bustani ya shule iliyokuwa ikikauka kila likizo

Shule yetu ya msingi iko Dodoma. Ikifika Mei mvua zimekwisha, na kila likizo ya Juni mchicha ulikufa wote. Tuliacha matuta yaliyoinuka, maana hukauka upesi, tukachimba vitalu vilivyozama, tukachanganya udongo na samadi iliyooza, kisha tukatandaza nyasi kavu juu. Hapo mlinzi akawa anamwagilia jioni kwa ndoo chache tu.

Maji ya kunawia mikono tuliyaelekeza kwa mfereji hadi kwenye migomba na mipapai; mboga za majani hazipewi maji yenye sabuni. Pembezoni tulipanda mlonge na mbaazi, mimea inayovumilia ukame. Mbuzi wa majirani nao wanaipenda mno, kwa hiyo uzio wa miiba haukwepeki.