Champali za mdogo wangu

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta tamthilia ya kutazama, akafikia Broadchurch, ile ya Waingereza. "Baba, hii umeiona? Nani aliyemuua huyo mtoto?" Nikamwambia nimeiona. Muuaji sikumtajia. Ile jabali ya rangi ya manjano ya West Bay, pwani ya Uingereza walikoipigia picha, ilikuwa imeshajaa kwenye kioo, nikatoka nikakaa kwenye ngazi.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Machi 2013, usiku televisheni ya ITV ya Uingereza ilipoionyesha kwa mara ya kwanza. Kenya walikuwa wamepiga kura siku iyo hiyo, na katika nyumba tuliyopanga Leicester, hukohuko Uingereza, wenzangu wote walijazana jikoni juu ya simu moja wakifuata matokeo. Mimi nilibaki sebuleni. Mdogo wangu alikuwa amepotelea baharini. Makaratasi yangu hayakuniruhusu kusafiri, hitima niliisikiliza kwa simu, na miezi yote ile chozi halikunitoka.

Sasa kwenye kioo Beth Latimer yumo garini, foleni haisogei. Mwanawe Danny, wa miaka 11, hajaonekana tangu asubuhi. Anasikia polisi wako ufuoni. Anaacha gari palepale njiani, anakimbia. Jodie Whittaker ndiye aliyemwigiza, na mpaka leo sijaona mbio kama zile: mwanzo ni za mtu mwenye haraka, kisha miguu inajua jambo kabla ya kichwa. Anafika mchangani, anawapenya polisi. Mbele yake pana kitu kimefunikwa, na chini ya kile kifuniko vimetokeza viatu. Anavijua. Hahitaji kufunuliwa uso.

Champali za mdogo wangu zilikutwa pwani Malindi, pale wanapopandia mashua, zimewekwa pamoja kama za mtu aliyeingia msikitini. Hakikupatikana kingine.

Nilimpigia mama. Kwao ilikuwa saa saba za usiku, lakini alikuwa macho, redio ikisoma kura za maeneo.

"Mama, champali zake ziko wapi?"

Akanyamaza. Redio ikaendelea kutaja majina ya watu na hesabu.

"Zi hapa chini ya kitanda, baba. Nilizipangusa mchanga."

"Na ule mchanga?"

"Nimeufunga kwenye leso."

Hapo ndipo nililia. Mwenzetu mmoja akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimesikia matokeo. Aliponiona akazima televisheni, akakaa kando yangu, hakuuliza kitu.

Sehemu zote 8 nilizitazama, kila Jumatatu saa tatu usiku, hadi Aprili. Mwishoni watu wanamwashia Danny moto ufuoni, na mbali kwenye pwani mioto mingine inajibu. Wengine walizungumza juu ya muuaji wiki nzima. Mimi niliwaonea wivu wale wazazi, na wivu huo uliniogopesha: wao walipata mwili wa kuzika, wakapata na mtu wa kumuuliza kwa nini. Sisi tungemuuliza nani, kusi?

Binti yangu alinifuata kwenye ngazi. Amezaliwa baada ya yote haya, ami yake anamjua kwa picha tu. Akaniomba tuitazame pamoja. Nimemwambia tuanze Ijumaa. Sijui kama nitaweza kukaa mpaka pale pa viatu.