Nilivyobadilisha mwenyewe oili ya difu ya nyuma nikiwa Lindi

Katika gereji nyingi nilizozizoea hapa Lindi, gari likipelekwa sevisi hubadilishwa oili ya injini na filta yake, hutazamwa breki na maji ya rejeta, kisha hukabidhiwa kwa mwenyewe. Difu ya nyuma, yaani kasha la gia linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya nyuma, huachwa ilivyo mpaka ianze kuvuma, na ikishaanza kuvuma mara nyingi tiba haiwi oili tena, bali beringi, au krauni na pinioni, gia zake kuu mbili. Gari langu ni Subaru Forester ya mwaka 2005, inayoendeshwa na magurudumu yote manne, nililolinunua likiwa limetumika Japani na lisilo na karatasi yoyote ya kuonyesha oili hiyo ilibadilishwa lini. Halikuwa likivuma. Niliamua kuifanya kazi hiyo kabla halijavuma.

Sababu iliyonisukuma zaidi ni njia ninazopita. Kazi yangu hunipeleka Nachingwea na Liwale, na wakati wa masika kuna mabonde ambayo mtu huyavuka maji yakiwa yamefika kwenye ekseli. Difu iliyotoka mwendo mrefu huwa ya moto. Inapotumbukia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta cha nje, kupitia kipumulio kidogo kilicho juu yake au kupitia sili (mpira wa kuzuia uvujaji) iliyochoka. Maji yakiingia yakachanganyika na oili, oili hugeuka rangi ya maziwa na kupoteza uwezo wa kulinda meno ya gia. Dereva hawezi kuligundua hilo akiwa kwenye usukani, kwa kuwa difu haina taa ya kumwonya.

Nilianza kwa kusoma kitabu cha gari, ambacho kinataka oili ya gia yenye daraja la GL-5, kiasi cha lita 0.8. Kopo la kwanza nililoonyeshwa dukani lilikuwa la GL-4, na muuzaji aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba oili ya gia ni oili ya gia. Tofauti ipo, na ni kubwa. Katika difu ya aina hii pinioni hukutana na krauni chini ya kitovu chake, kwa hiyo meno hayabingiriki tu, bali pia husuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Oili ya GL-5 huwa na viungo vingi zaidi vya salfa na fosforasi, ambavyo huacha utando juu ya chuma na kuzuia meno yasilane. Viungo hivyohivyo vinaweza kudhuru sehemu za shaba nyeupe zilizomo katika baadhi ya gia boksi za mkono, ndiyo maana GL-4 nayo ina mahali pake. Kwa unene nilichagua 80W-90, inayofaa kabisa kwa joto la pwani yetu. Nilihakikisha pia kuwa kifuniko cha kopo hakijawahi kufunguliwa, jambo ambalo sioni aibu kulifanya mbele ya muuzaji.

Difu ina nati mbili nyuma yake: ya juu ni ya kujazia, na ya chini ni ya kumwagia. Jirani yangu, dereva mstaafu wa malori yaliyokuwa yakibeba korosho, alipoona nimetandika turubai chini ya gari alikuja akasimama, na baada ya kuitikia shikamoo yangu akasema, "Mwanangu, ya chini usiiguse mpaka ya juu ikubali. Ukishamwaga oili halafu ya juu ikagoma, gari limelala hapohapo." Ndivyo kitabu kinavyosema pia, ingawa kwa maneno makavu zaidi.

Nati hiyo ya juu ndiyo iliyochukua muda wangu mwingi. Hewa ya chumvi ya hapa haina huruma na chuma kilicho chini ya gari, na tundu la nati lilikuwa limejaa kutu na tope lililokauka. Katika gari langu tundu hilo ni la pembe nne, la ukubwa wa nusu inchi, hivyo mpini wa soketi wa nusu inchi huingia wenyewe bila soketi. Lakini usipolisafisha tundu mpaka mwisho, mpini hauingii wote, na ukilazimisha, pembe huliwa na nati haitafunguka tena kwa njia ya kawaida. Nililichokonoa kwa msumari, nikapiga brashi ya waya, nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu na kuyaacha yafanye kazi usiku kucha. Asubuhi nilivalisha mpini kipande cha bomba la chuma ili niongeze urefu, nikavuta polepole bila kushtua, na nati ikatoa mlio mmoja mkali, ikalegea.

Hapo ndipo nilipoendesha gari mwendo mfupi ili oili ipate joto na itoke pamoja na uchafu wake. Niliporudi nilipandisha magurudumu yote manne juu ya vipande vya mbao vyenye unene mmoja, nikaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Sikutumia jeki, na sababu si usalama tu: tundu la kujazia ndilo kipimo cha oili, kwa hiyo gari lililoinuliwa nyuma peke yake litakudanganya. Nilisubiri pia eksozi ipoe, maana hupita karibu sana na mahali mkono unapofanya kazi.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na yenye harufu kali ya salfa, lakini haikuwa na weupe wowote wa maji. Niliipima kwenye chupa yenye alama, nikakuta kiasi chake kinakaribia kile cha kitabu, dalili kwamba sili hazikuwa zikivujisha kwa siri. Nati ya chini ina sumaku, nayo ilikuwa imeshika ujiuji wa kijivu, laini kama grisi. Huo ni ulaji wa kawaida wa gia. Laiti ningekuta vipande vinavyokwaruza vidole, ningefunga kila kitu na kumwita fundi, kwa sababu oili mpya haiwezi kurudisha jino lililovunjika.

Kujaza kuna ugumu wake, kwani hakuna nafasi ya kuinamisha kopo juu ya tundu. Wapo wanaotumia pampu ya mkono au bomba kubwa la sindano. Mimi niliazima mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao waashi hupimia usawa wa msingi, nikauchomeka kwenye faneli niliyoifunga kwenye bampa ya nyuma, na ncha ya pili nikaiingiza tunduni. Kopo nilikuwa nimelianika juani tangu asubuhi ili oili ilegee. Jua la Lindi lilifanya kazi hiyo bila malipo. Hata hivyo ilishuka kwa uvivu, na jirani yangu alipata muda wa kutosha wa kunieleza jinsi malori ya zamani yalivyokuwa yakipanda milima ya Newala.

Nilikuwa nimeshaikaza nati ya chini kwa washa (pete ya kuziba) mpya kabla ya kujaza. Oili ilipoanza kuchuruzika yenyewe kutoka tundu la juu niliondoa mpira, nikaiacha ya ziada itoke, nikafunga na kufuta difu nzima kwa kitambaa kikavu ili uvujaji wowote uonekane. Kisha nilikwenda Mingoyo na kurudi, nikachungulia chini: pakavu. Safari iliyofuata ya Liwale nayo haikuacha tone. Nimejiwekea kubadilisha tena kila kilomita 40,000, na mapema zaidi gari likivuka maji yaliyofika kwenye difu. Oili ya zamani niliipeleka gereji kwenye pipa la oili chafu. Sasa inasubiri difu ya mbele, ambayo kwa Forester yenye gia za otomatiki kama yangu ina oili yake na kijiti chake cha kupimia, tofauti na zile za gia za mkono ambazo difu hiyo hutumia oili moja na gia boksi.