Kutoka Wodi ya Wazazi Mtwara hadi Uzamili wa Ukunga

Usiku mmoja wa masika mwaka 2019, nikiwa na miaka 9 kazini katika wodi ya wazazi ya hospitali moja mkoani Mtwara, tulipokea mama aliyejifungulia njiani akiletwa kutoka upande wa Newala. Kanga alizofungwa zilikuwa zimeloa damu. Tulizitazama, tukakadiria kuwa amepoteza kama nusu lita, tukaandika hivyo kwenye jalada lake na kuendelea na huduma za kawaida. Muda si mrefu presha ilishuka na mikono ikawa ya baridi, ndipo tulipotambua kuwa makadirio yetu yalikuwa mbali sana na ukweli. Alipona baada ya kuongezewa damu na kupelekwa chumba cha upasuaji. Mimi niliondoka zamu asubuhi nikiwa na swali ambalo halikunitoka: kwa nini, pamoja na stashahada na shahada ya kwanza ya uuguzi, nilikuwa bado napima damu kwa macho?

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta shahada ya uzamili, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba wenzangu wengi walioitafuta kabla yangu walichagua kwa kuangalia urahisi wa ratiba. Chuo Kikuu Huria kina kituo Mtwara, na mtu anaweza kusoma huko akiendelea na zamu zake. Wengine huchukua uzamili wa afya ya jamii, ambao unafungua milango ya kazi katika halmashauri na katika miradi ya mashirika. Njia hizo zina heshima yake, nami sizibezi hata kidogo. Lakini muuguzi anayetaka kurudi kitandani kwa mgonjwa akiwa na mikono bora zaidi hapaswi kudhani kuwa shahada yoyote ya ngazi hiyo itampa mikono hiyo, kwa sababu mitaala hutofautiana sana na jina la shahada halisemi yote.

Kilichonisaidia kupambanua ni maelezo ya nje ya nchi kuhusu uuguzi wa ngazi ya juu. Nchini Marekani, mwaka 1965, Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya wauguzi wanaopima mgonjwa, wanaotambua maradhi na wanaopanga matibabu, wakianza na afya ya watoto. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataja aina 2 za wauguzi wa ngazi hii: yule anayetambua ugonjwa na kuandika dawa, na muuguzi bingwa wa eneo fulani la huduma, na linapendekeza uzamili kuwa kiwango cha chini cha elimu yao. Kwetu Tanzania kazi ya kupima na kuandika dawa imebebwa kwa miongo mingi na matabibu na madaktari wasaidizi, kwa hiyo niliona wazi kwamba njia iliyo karibu nami ni ile ya pili, ya ubingwa. Uingereza nao, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, wanaujenga uuguzi wa ngazi hii juu ya nguzo 4: huduma kwa mgonjwa, uongozi, ufundishaji na utafiti. Nilizichukua nguzo hizo nikazigeuza mizani. Kila mtaala nilioupata niliuuliza una saa ngapi wodini, na chini ya usimamizi wa nani. Mitaala kadhaa iliyonivutia mwanzoni ilianguka kwa swali hilo moja.

Nilifikiria pia kusoma nje ya nchi kwa njia ya mtandao, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu. Mafunzo ya aina ile ya kwanza, ya muuguzi anayetambua ugonjwa na kuandika dawa, yanamtaka mwanafunzi awe na leseni ya uuguzi ya nchi husika na atimize mamia ya saa za vitendo. Viwango vya Marekani vya mwaka 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Saa hizo haziwezi kupatikana mbele ya kompyuta ukiwa Mtwara. Isitoshe, shahada ya nje inahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kabla mwajiri hajaikubali, na ni afadhali kuuliza jambo hilo kabla ya kulipa ada.

Hatimaye nilielekeza macho Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambako kulikuwa na uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na wa ukunga na afya ya wanawake, kila mmoja ukichukua miaka 2. Kwa kisa nilichokwisha kueleza, sikuhitaji kufikiri mara mbili.

Maombi yenyewe hayakuwa mazito kama ruhusa. Vyeti, leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na barua za wadhamini nilivikusanya ndani ya mwezi mmoja. Ruhusa ilinichukua karibu mwaka mzima, kwa sababu jina langu halikuwamo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri, na asiyekuwamo huambiwa asubiri mpango mwingine. Muuguzi mfawidhi wetu, mama mtu mzima aliyenilea kikazi, aliniita ofisini akaniambia, "Mwanangu, usiandike kwamba unataka kusoma. Andika wodi yetu inakosa nini, na wewe utarudi na nini." Niliiandika barua upya kwa namna hiyo, nikieleza kuhusu kina mama wanaotokwa damu, na ikapita. Nilipewa ruhusa yenye mshahara kwa mkataba wa kurejea kazini. Niliahidiwa pia ada, lakini ada hiyo haikulipwa hata mara moja, na hadi leo jambo hilo linaniuma, kwa kuwa niliipanga nyumba yangu kwa kutegemea neno nililopewa.

Mwaka wa kwanza niliulipia kwa akiba na mkopo wa SACCOS. Wa pili uliokolewa na korosho za baba mkwe, ambaye aliuza mavuno ya msimu ule na kuniletea fedha bila kuhesabu mbele yangu. Mama mkwe aliwachukua watoto 2 Newala. Nilipomwamkia kwa simu kutoka chumba changu cha Kigogo, Dar es Salaam, na kuanza kulia, alinijibu tu, "Marahaba mwanangu, soma, huku wanakula." Mume wangu, ambaye ni mwalimu, alibaki Mtwara na kazi yake, nami nilikuwa zaidi ya kilomita 500 mbali nao.

Masomo yalianza mwishoni mwa 2021. Nilijifunza kumpima mama kuanzia kichwani hadi miguuni kwa utaratibu, kusoma majibu ya maabara kwa kuyahusisha na hali yake, na kutetea uamuzi wangu mbele ya madaktari bingwa, jambo ambalo kwa miaka mingi nililikwepa kwa kunyamaza. Tasnifu yangu ilihusu kulinganisha makadirio ya macho na kipimo cha shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za mililita, linalowekwa chini ya mama mara mtoto anapozaliwa. Nilipata kibali cha maadili ya utafiti na kurudi kusini kukusanya takwimu wodini. Nikiwa naandika matokeo, Mei 2023, yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, katika hospitali 80 na kwa wanawake zaidi ya 200,000: kutambua damu mapema kwa shuka kama hilo, kisha kutoa huduma zote za kuizuia kwa pamoja badala ya moja moja, kulipunguza matokeo mabaya ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Niliusoma ukurasa ule nikiwa nimesimama. Lile lililotutokea usiku ule wa masika lilikuwa na jina, kipimo na tiba yake.

Nimerejea wodini tangu mwaka 2024. Mashuka hayo hayapatikani kila mara. Yanapokwisha tunatumia beseni na mizani, kwa kuwa gramu moja ya damu inakaribia mililita moja, na katika uzito wa kanga zilizoloa tunatoa ule wa kanga kavu. Kila mkunga wa zamu anajua kwamba damu ikifika mililita 500 anaita wenzake bila kusubiri. Wanafunzi wa stashahada wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo huanza hapo kwenye mizani. Mwaka huu wenzangu 2 wameomba kwenda uzamilini, mmoja afya ya akili na mwingine wagonjwa mahututi, na barua zao nimezisoma kabla hazijapelekwa kwa mwajiri: zote mbili zinaanza na kile ambacho wodi zao zinakosa.