Niliomba Radhi kwa Kurudi

Dada kajifungua Jumanne, wa kiume, wote wazima, nimekuwa mjomba. Ada ya muhula nimelipa. Na mimi bado nawaza neno moja nililolijibu ovyo mlangoni pa watu.

Huku Japani ninakosoma kuna tiketi ya yeni 10,000, ya kupanda treni za kawaida siku tatu mfululizo, nami nilikuwa naipigia hesabu. Basi nimekwenda, peke yangu. Osaka, Himeji, Okayama, nabadilisha treni mpaka makalio yakafa ganzi, nikashukia Onomichi, mji uliobandikwa ubavuni mwa mlima, bahari yake nyembamba kama mto. Nikaacha begi kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mwenye umri wa bibi yangu, nikapanda ngazi hadi hekalu la Senkoji. Mvua ikanikuta hukohuko juu.

Niliporudi jioni nikasukuma mlango pembeni. Bibi akachungulia kutoka jikoni, mikono inachuruzika maji.

"Okaeri."

Nami nikajibu, "Sumimasen."

Yaani samahani.

Jamani! Hili ni somo la mwanzo kabisa. Anayerudi husema tadaima, nimerudi. Aliye ndani humjibu okaeri, karibu nyumbani. Nimelikariri, nimelifanyia mtihani, nimewahi hata kumsahihisha mwenzangu darasani. Lakini saa 28 za kibarua kila wiki kwenye kiwanda cha bento, vile vyakula vya kisandukuni, zimeniharibu. Nikipita nyuma ya mtu, sumimasen. Nikiitwa, sumimasen. Mfuniko ukianguka, hata kama si mimi, sumimasen. Mdomo umeshazoea, hauniulizi tena.

Bibi akasema "ara," yaani lo, akacheka kidogo, akanipokea mwavuli. Kisha akainama, akaviokota viatu vyangu vilivyolowa, akavigeuza ncha zikatazama nje, tayari kwa safari ya kesho. Mimi nimesimama na soksi mbichi, naona aibu mtu mzima kunishikia viatu.

Usiku usingizi ulinipaa. Okaeri. Sumimasen. Okaeri. Sumimasen. Kule Tanga mama anakuona kabisa umesimama mlangoni, na bado atakuuliza, "Umerudi?" Hebu mjibu "samahani mama" uone kama hatakugusa paji la uso kupima homa.

Halafu nikakumbuka kwamba miezi kumi na moja niliyokaa Japani hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Chumbani kwangu nikifungua mlango kinachonipokea ni friji, nayo inanguruma tu. Ndiyo mara ya kwanza, na nimeipokea kwa kuomba msamaha.

Siku ya pili nilishinda nafanya mazoezi. Kwenye kivuko cha kwenda kisiwa cha Mukaishima, safari ya dakika chache, nilitamka tadaima mpaka mzee mmoja mwenye baiskeli akasogea kando. Jioni nikashika mlango, nikavuta pumzi.

"Tadaima!" Sauti ya mnadi samaki.

Bibi hata hakutoka. Televisheni ilikuwa kwenye sumo, mieleka ya Kijapani, mashindano ya Machi, yale yale yanayochezwa Osaka nilikotoka mimi. "Okaeriii," akaitikia bila kugeuka, akaongeza kwamba maji ya kuoga yameshapata moto.

Basi, imeisha hivyo. Nikabaki nacheka peke yangu na kiatu kimoja mguuni. Kabla sijavua cha pili akaingia mgeni mwingine, mzee wa suti na mkoba. "Okaeriii," ile ile, kwa mvuto ule ule. Mzee akajibu tadaima huku anakohoa. Kumbe ni ya kila mtu! Nilidhani itaniuma. Nilikwenda kuoga naimba.

Asubuhi nimevikuta viatu vimegeuzwa tena, na soli ya kulia imeachama kama mdomo wa chewa. Ni ile mvua. Ndiyo jozi pekee niliyonayo ya darasani, na mimi navaa namba 46, karibu sentimita 30 kwa vipimo vya huku, wakati kila duka ninaloingia linaishia 28. Labda ipatikane gundi. Fundi viatu, hata sijui kwa Kijapani wanamwitaje.